Shingo ni ya Mchinjaji

Baba alinifundisha kuchinja kule Uvira, Kongo, nikiwa bado mtoto, na kanuni yake ya kwanza haikuhusu kisu. Ilihusu kamba.

"Usifunge mbuzi wa pili kwenye ataona wa kwanza," alisema. "Ataanza kungoja. Na nyama ya mbuzi yenye imengoja haina mutu wa kuikula."

Nilidhani ni huruma. Haikuwa huruma, ilikuwa biashara. Mbuzi anayesimama akinusa damu ya mwenzake hutetemeka, hujinyea, na moyo wake hupiga hadi unauona ubavuni. Ukimchinja hapo, nyama hutoka nyeusi kama ini, inanata vidoleni, na kabla jua halijapanda vizuri imeanza kuchacha. Kwa hiyo baba alificha kisu nyuma ya paja, akamziba mbuzi macho kwa kiganja cha kushoto, akamnong'oneza upuuzi wowote wa upole, na kazi ikaisha kabla mnyama hajajua kama imeanza.

Baba mwenyewe hakungojeshwa. Watu waliomkuta njiani kutoka mnadani walimpiga panga la shingo, wakaswaga mbuzi wake, wakaenda. Aliyengoja ni mama. Tulifika naye Malawi, tukapewa kiwanja hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, akafyatua matofali ya nyumba yetu huku uvimbe uko tayari kwenye titi lake. Alipewa tarehe ya hospitali, ikasogezwa, akapewa nyingine, akafa hajaifikia. Nikaacha shule wiki ileile. Nilikuwa na wadogo wawili wa kike, na kitu kimoja tu nilichokijua.

Kuchinja, basi. Machinjio yetu ni sakafu ya saruji iliyopasuka nyuma ya soko, ukuta wa upande mmoja, ndoano kadhaa na shimo. Ninachinja mbuzi wa Wakongo na Warundi, na nguruwe wa wafanyabiashara wa Kimalawi. Juu ya malipo kuna haki ambayo hapa kwetu hakuna anayebishana nayo: shingo ni ya mchinjaji. Mwenye mnyama huchukua vyote, hata kwato, ila shingo huniachia mimi. Wadogo zangu wamekua kwa shingo. Shingo ya kuchemsha, shingo na ndizi, mchuzi wa shingo na bugali. Yule anayenifuata, ambaye sasa ni fundi cherehani na ana ulimi mkali kuliko mkasi wake, husema damu yake yote imetoka shingoni mwa mbuzi. Kitinda mimba tumempeleka shule ya bweni upande wa Likuni, na huko pia anapelekewa shingo iliyokaushwa.

Halafu shingo yangu ikavimba.

Niligundua nilipobeba mzoga begani. Huwa nabeba begani kila siku, ubavu wa mbuzi ukilalia sikio langu, lakini asubuhi ile kitu kiliuma chini ya taya. Nikakigusa kwa kidole chenye damu. Kilikuwa kama punje ya karanga. Baada ya muda kikawa kama yai la njiwa, kigumu, kikicheza chini ya ngozi nikikisukuma. Sikuhitaji mtu kuniambia jina lake. Ilikuwa tezi. Nimeshika tezi nyingi kuliko nilivyoshika mikono ya watu.

Hapo ndipo ubaya wa kazi yangu ulipoanza. Mtu mwingine anapovimba shingo hajui kilichomo ndani. Mimi nilimwona mkaguzi wa nyama kila asubuhi. Ni mzee wa Kimalawi, mwenye mabuti meupe ya mpira na kisu chake kilichopinda, na kabla hajagonga muhuri wake wa wino huanza na tezi za kichwa na shingo. Huzipasua moja moja. Zikiwa safi, hupita. Akikuta tezi imevimba na ndani yake mna usaha mzito kama maziwa yaliyoganda, huelekeza kisu shimoni. Tunatupa, tunamwaga parafini, tunawasha. Nyama ya mnyama ambaye asubuhi alikuwa akila majani inalia motoni kama mafuta kwenye kikaango, na mwenye mbuzi anatukana mama zetu wote.

Katika zahanati ya kambini mganga alibonyeza uvimbe wangu, akanipa vidonge, nikamaliza vidonge, uvimbe ukabaki. Akaniandikia niende hospitali moja ya Lilongwe kwa daktari wa kuchoma sindano, tarehe ambayo bado ilikuwa mbali. "Watavuta kidogo kilichomo, watakiangalia," alisema. "Kabla ya hapo, usiuguseguse."

Angeniambia nisipumue ingekuwa rahisi zaidi.

Kungoja kulianza, na nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Nikiwa nachinja, sikuogopa. Goti likiwa ubavuni mwa mnyama, kiganja juu ya macho yake, kisu kikishuka na kurudi, kichwa changu kilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Hofu ilirudi nilipofuta kisu. Hata chai niliinywa nimesimama, nikitazama njia ya machinjio.

Basi nikachinja zaidi. Nilichukua zamu za wenzangu. Nilikubali nguruwe wote niliowakataa zamani, maana nguruwe hafi kwa adabu. Anajua. Hupiga kelele kutoka lango la soko, na ile kelele inaingia mfupani. Wanaume watatu tunamlaza, mmoja amekalia mgongo, mwingine ameshika miguu ya nyuma, mimi naingiza kisu juu ya kidari hadi kiganja kinagusa manyoya, na damu inaruka hadi kwenye meno yangu kwa sababu siku hizo nilikuwa nasaga meno mdomo wazi. Maji ya moto, kukwangua, kupasua. Mwingine. Wenzangu walifurahi mwanzoni. Baadaye wakaanza kunitazama kwa pembeni.

"Bushe, pumzika," alisema mmoja wao. "Nguruwe bataisha Malawi."

Wote huniita Bushe, mchinjaji. Sikupumzika. Tena nikaongeza tabia nyingine. Kila mzoga, kabla mkaguzi hajafika, mimi mwenyewe nilizipasua tezi za shingo. Nilizitafuta kama mwizi. Zikiwa safi, nilisema moyoni leo nzuri, na niliweza kula. Zikiwa zimevimba, siku hiyo nilikuwa maiti. Nikawa napiga ramli kwa mizoga. Na kwa kuwa nilikata bila subira, kulia, kushoto, nyuma ya koo, ile shingo ya haki yangu ilifika nyumbani imechanwachanwa kama nguo iliyotolewa mdomoni mwa mbwa.

Yule fundi cherehani, dada yangu anayeniita yaya, yaani kaka mkubwa, aliigeuza kwenye beseni. "Yaya, hii shingo ulipigana nayo?"

"Ipike tu."

"Nitapika nini? Hii ni uzi. Niishone kwanza?"

Sikucheka. Aliipika, tukakaa mbele ya sahani, na nilipoiona ile nyama imelala ndani ya mchuzi, na shimo la uti katikati, nilisukuma sahani ikadondoka. Toka siku hiyo hatukula shingo. Nilizitoa kwa majirani, na majirani, ambao hawakuwahi kupewa shingo na mchinjaji yeyote, walianza kuuliza kuna nini.

Sokoni walijua kabla sijawaambia. Kuna mama mmoja Mkongo wa Fizi mwenye mgahawa, mteja wangu wa tangu zamani, ambaye hawezi kununua nyama bila kukutania. Asubuhi moja alisimama mbele ya gogo langu la kukatia, watu wamejaa nyuma yake, akaweka mkono juu ya gogo kama alivyozoea.

"We Bushe, ile kintu ya ku shingo ni nini? Uko unaficha nyama ya bantu?"

Watu wakacheka.

"Ndiyo maana kilo yangu haitimiaka! Kumbe kipande iko mu taya!"

Wakacheka zaidi. Shoka lilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kuliinua. Nakumbuka lilivyoshuka, na mfupa wa paja ukapasuka kama bunduki, na shoka likazama kwenye gogo karibu kabisa na vidole vyake. Kipande cha mfupa kiliruka kikamchana shavu. Alitazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. Akajipangusa damu shavuni, akaiangalia.

"Weye," alisema polepole. "Unataka kuniua juu ya masihara?"

Nilishika mpini nikajaribu kuling'oa shoka.

"Muache daktari wa shingo," akasema, akiokota kikapu chake. "Tafuta wa kichwa."

Tarehe yangu ikafika. Niliomba ruhusa ya kutoka kambini, nikaoga kwa sabuni ya nguo mara mbili ili nisinuke machinjio, nikaenda Lilongwe peke yangu kwa sababu sikutaka dada aache cherehani. Nilikaa kwenye benchi refu na watu wengi wenye bahasha. Muuguzi alipofika kwangu alinishika bega. "Pepani, achimwene," alisema, yaani pole, kaka, na nilijua hapohapo, maana pole ya Wamalawi haitangulii habari njema. Daktari wa sindano ameitwa mkoa mwingine. Nirudi mwezi ujao.

Nilisema zikomo. Ndiyo, nilisema asante. Nilitoka nikasimama kando ya barabara, na nikapiga nguzo ya umeme kwa ngumi hadi mwendesha kabaza mmoja akateremka kwenye baiskeli yake, akanishika mkono kama anayemshika mtoto asivuke njia.

Nilirudi Dzaleka jua bado liko juu, nikapita moja kwa moja machinjioni. Siku ile nilikuwa nimemwachia mwenzangu kazi, na yeye hakufundishwa na baba yangu. Alikuwa amewafunga mbuzi wote kwenye nguzo moja, wakitazama sakafu. Damu ya yule wa kwanza ilikuwa inatiririka hadi kwenye kwato zao. Walikuwa wamejinyea. Mmoja alikuwa amepiga magoti ya mbele na kamba inamkaba, na hakuwa akilia tena. Alikuwa anatetemeka tu, macho yametoka, ulimi upande.

Nilimchinja yule. Nilidhani namsaidia. Nilipomchuna, nyama ilikuwa nyeusi. Niliigusa, ikanata kwenye kidole. Nikaiweka puani. Halafu nikaweka kidole hichohicho kwenye shingo yangu, na wazo likaniingia, kamili, kama mtu amenisemesha sikioni: tayari umeharibika. Usiongeze hata siku.

Niseme nilivyofikiri, kwa sababu wakati ule haikuonekana kama wazimu. Mbuzi akipata jipu la tezi akiwa hai, watu huniita. Natia kisu kidogo kwenye makaa, napasua, nakamua, napaka majivu, mbuzi anapona. Nimefanya hivyo mara nyingi. Hapana haja ya daktari kusafiri. Nikipasua na kukuta usaha, basi ni jipu, nitapona. Nikikuta nyama ngumu, basi ni ile ya mama, na nitajua. Nilichotaka si kupona. Nilitaka kujua.

Asubuhi dada alikwenda kisimani. Nilikoka mkaa kwenye mbabula nyuma ya nyumba, nikatia kisu kidogo cha baba cha kuchunia. Nilichukua kioo ambacho wateja wake hujitazamia, nikakiegemeza ukutani, nikapiga magoti. Kisu kilipobadilika rangi nilikitoa, nikakiacha kipoe kidogo. Nikavuta ngozi kwa kidole cha kushoto. Pale kwenye kioo niliona mahali ninapopajua kuliko mtu yeyote katika kambi hii. Chini ya taya, nyuma kidogo, ndipo ninapoingiza kisu kwa mbuzi. Mshipa mkubwa umelala chini ya tezi kama nyoka chini ya jiwe. Nikauona unavyopiga. Nikasema nitakwenda juu juu.

Ncha iliingia. Ngozi ya mtu ni laini kuliko ya mbuzi, hilo sikuwa nalijua. Damu ikashuka hadi kifuani, ya moto. Sikusikia maumivu. Nilisikia ndoo ikianguka.

Dada yangu hakupiga kelele. Alichukua mwiko, ule mkubwa wa bugali, uliokuwa juu ya sufuria, na pigo la kwanza likanipata mkononi. Nilisikia kidole kikivunjika kabla ya kusikia uchungu. Kisu kikaruka. Pigo la pili lilikuwa la kichwa, la tatu la mgongo, na hakuwa akipiga kama mwanamke anayeogopa, alikuwa akipiga kama anayeua nyoka ndani ya nyumba.

"Juu ya nini uko unajichinja? Juu ya nini?"

"Niache! Nataka kujua tu!"

"Ujue nini, mupumbavu? Ujue rangi ya damu yako?"

Nilimshika kiuno nikamwangusha. Nina nguvu, naangusha nguruwe. Alinikwaruza uso, akaning'ata bega na hakuachia. Tulibiringika kwenye matope ya maji yake yaliyomwagika, mbabula ikapinduka, makaa yakaunguza kitenge chake, nikayapiga kwa mkono wangu uleule wenye kidole kilichovunjika, na yeye akautumia mwanya huo kunipiga tena kwa mwiko, ukakatika. Majirani walifika uani wakasimama. Hakuna aliyeingilia. Walidhani tunauana.

Akanikalia kifuani, ameshika kipande cha mwiko, anahema, nywele zimejaa majivu.

"Sema, sasa. Mutoto wa ku Likuni nitamuambia nini? Yaya aliona tarehe iko mbali, akajikata kama mbuzi?"

"Mama alingoja," nikasema. "Aliona faida gani?"

Akanipiga kofi. Halafu akaanza kulia, bado amenikalia, na machozi yakanidondokea mdomoni.

"Mama alingoja na sisi," alisema. "Kila siku alingoja na sisi. We uko unangoja peke yako kama mwizi, halafu unashangaa unaoza."

Alinifunga shingo kwa kipande cha kitambaa cha sare alichokuwa akishona, kidole akakifunga kwa kijiti cha mwiko. Jeraha halikuwa refu. Kina cha ukucha zaidi, na sijui kama ningekuwa hapa. Kisha akakusanya visu vyangu vyote, vya nyumbani na vya machinjio, pamoja na shoka, akavifunga kwenye kitenge kilichoungua, akakaa juu yake.

Tangu asubuhi ile alikuja nami kazini. Alibeba bunda la visu kichwani, akageuza ndoo karibu na ukuta, akakaa mgongo ameuelekeza kwa wanyama, akishona vifungo na pindo kwa mkono. Nilipohitaji kisu nilimwomba. Nilipomaliza nilikirudisha. Wenzangu walikufa kwa kicheko.

"Bushe, umeoa dada yako?"

"Afadhali yeye ameoa," dada akajibu bila kuinua kichwa. "We hata kisu hakuna mwanamuke anaweza kukuchungia."

Kidole kilipokuwa kimefungwa nilishika kisu vibaya, kwa hiyo nilichinja kidogo, mmoja kwa siku, polepole, na mbuzi mwingine nikimfunga nyuma ya ukuta, mbali. Tezi sikuzigusa. Nilimwachia mkaguzi, na nilipomwona anainama nilimtazama dada mgongoni hadi mzee aliponyanyuka.

Lakini hofu haikwenda. Bila kazi nyingi, ilikuwa na nafasi zaidi. Mchana nilizunguka uani kama simba aliyefungiwa, nikipiga ukuta, nikipiga mlango. Dada alinitazama siku moja, kisha akavuta kinu na kuniwekea mchi mkononi.

"Unataka kupiga kintu? Piga."

Ndani ya kinu kulikuwa na majani ya muhogo. Kutwanga sombe si kazi ya mwanamume. Baba angefufuka akafa tena. Nikashika mchi kwa mkono mzima, na mwingine nikausaidia kwa kiganja, nikapiga. Nikapiga ile tarehe. Nikapiga benchi refu na bahasha. Niliwapiga watu wa njia ya mnadani, mmoja mmoja, hadi majani yakawa uji wa kijani na mchi ukaanza kugonga sakafu ya kinu. Jasho lilichuruzika machoni. Nilipoacha nilikuwa nimechoka tu.

Jirani akachungulia juu ya uzio. "Shemeji, na yangu je?"

Nilitwanga yake. Kesho yake walikuja wawili. Baada ya wiki nilikuwa natwanga sombe ya mstari wote wa nyumba zetu, wanawake wamekaa na masufuria yao wakinitania, na yule mama wa Fizi, shavu lake limepona likabaki na kovu dogo, alileta karai zima la majani akaliweka miguuni pangu.

"Hii ni ya mugahawa," alisema. "Kila siku mpaka nisamehe."

Kinu chetu kilipasuka katikati kabla mwezi haujaisha. Akaleta chake.

Safari ya pili Lilongwe tulikwenda pamoja. Daktari alikuwepo, mwanamke kijana, na kitu cha kwanza alichokishika ni mkono wangu.

"Kidole hiki kimefanya nini?" aliuliza kwa Kichewa.

"Mwiko," nikajibu.

Akamtazama dada. Dada akatazama dari.

"Na hapa shingoni?"

"Kisu."

Daktari akapapasa kovu, akashusha kidole kidogo, akakiacha pale. "Unajua kinachopita hapa chini?"

"Najua."

"Basi mshukuru mwenye mwiko."

Alinilaza. Nikamwona anachukua sindano kutoka kwenye sinia na kuishusha nyuma ya paja lake, upande nisiouona, huku mkono wake wa kushoto ukija usoni kwangu na mdomo wake ukianza kusema maneno ya upole, tulia, ni kidogo tu. Kila nywele ya mwili wangu ilisimama. Niliruka nikakaa. Muuguzi akanirukia miguu, mwingine akanishika mabega, sinia ikaanguka kwa kishindo, na nilisikia sauti ikitoka kooni mwangu ambayo nimeisikia maisha yangu yote, kutoka lango la soko.

"Muachilieni!" dada alipiga kelele kwa Kiswahili, kisha kwa Kichewa. "Musifiche! Mumuonyeshe!"

Daktari alisimama. Akawaambia waniachie. Akachukua sindano nyingine, akaileta mbele ya macho yangu, na bomba lake, akanionyesha itakavyoingia na itakavyovuta. Ilikuwa nyembamba. Niliitazama hadi nikaikinai. Nikalala mwenyewe, nikageuza shingo mwenyewe. Dada alitaka kuniziba macho kwa kiganja.

"Toa mkono," nikamwambia. "Shika mguu."

Iliingia. Iliuma kama mwiba wa samaki uliokwama, kisha akavuta, na niliona ndani ya bomba kitu kikipanda, kizito, cheupe cha njano, kama maziwa yaliyoganda. Nilikifahamu. Kwa miaka yote nimekitupa shimoni nikakimwagia parafini.

"Ninatupwa?" nikauliza.

Daktari hakuelewa. Dada alielewa, akanifinya mguu hadi ukucha ukaingia.

Majibu tuliyangoja tena, na nilitwanga. Yalipokuja yalisema ni kifua kikuu cha tezi. Mapafu yalikuwa salama. Si ile ya mama. Vidonge kila siku kwa miezi, bila kuruka, na ningepona. Mganga wa zahanati alipomaliza kunieleza, dada akanipiga begani kwa ngumi, kwa nguvu zote, palepale aliponing'ata.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya ndoo yangu. Ilipasuka."

Nilimwambia mkaguzi wa nyama kwa sababu niliona ana haki ya kujua. Alinyanyua kidevu changu kwa kidole, akaitazama ile tezi kwa muda, kwa jicho lilelile la kazi.

"Achimwene," alisema, "ungekuwa mbuzi ningekuchoma moto." Akacheka hadi akashika ukuta. Nami nikacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na dada kwenye ndoo yake akasema hakuna cha kuchekesha, kisha naye akashindwa.

Siku hiyo mzoga ulikuwa safi. Nilikata shingo kwa mapigo mawili, nzima, bila kuichana, nikaipeleka nyumbani. Dada aliipika na ndizi. Nilimeza tonge la kwanza kwa shida, uvimbe ukijitokeza kila nilipomeza, lakini lilipita. Alichota shingo kutoka sahani yake akaniongezea, ingawa kipande kikubwa tayari kilikuwa changu.

Vidonge nilivimaliza. Shingo imepona, limebaki kovu ambalo huonekana nikinyoa ndevu tu. Visu dada alinirudishia, kimoja baada ya kingine, cha baba mwisho. Kidole ndicho hakikunyooka. Hapa Dzaleka baridi ya Juni ikishuka kinaniuma asubuhi, na nalazimika kukisugua vizuri kwenye paja kabla sijashika kisu, mbuzi akiwa bado nyuma ya ukuta, hajui kitu.